Mshale wa kipanya kwenye DOS hauwashwi kama taa
Wengi wanaoandika programu za DOS, mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta, huamini kwamba ukiita intarapti 33h (mwito wa kuomba huduma za kipanya) huku AX, rejista ya prosesa inayobeba namba ya ombi, ikiwa 2 mshale unazimika, na ikiwa 1 unawaka, basi. Sivyo. Draiva ya kipanya, yaani programu inayokiendesha, huweka hesabu. AX ya 0 huirudisha hesabu kwenye -1. Kila 1 huongeza moja, ila hesabu haivuki 0. Kila 2 hupunguza moja. Mshale huonekana hesabu ikiwa 0 tu.

Hapo ndipo watu hukwama: fanksheni ya kuchora menyu imeficha mshale, ikaita ya kuchora kitufe, nayo ikaficha tena. Hesabu sasa ni -2. Ukionyesha mara moja inabaki -1 na mshale haurudi, ingawa kipanya chenyewe ni kizima. Kila kuficha kuwe na kuonyesha kwake, hata fanksheni inapotoka mapema kwa sababu ya kosa.

Wala usiache kuficha unapochora kwenye hali ya grafiki. Draiva huhifadhi kipande cha picha kilicho chini ya mshale. Ukichora juu yake, kipanya kikisogea tu kile cha zamani kinarudishwa, na kiraka cha pikseli 16 kwa 16 kinabaki katikati ya mchoro wako mpya.