Je, Yesu alikataza kutoa hadharani?

Waumini wengi wamekua wakiamini kwamba wema ukionekana tu, umeharibika. Andiko linalotajwa ni Mathayo 6:1: "Angalieni msifanye wema wenu machoni pa watu". Lakini sentensi haiishii hapo. Inaendelea: "kusudi mtazamwe na wao". Neno zito ni hilo, kusudi.

Katika hotuba hiyohiyo ya mlimani, sura moja nyuma (5:16), Yesu anataka nuru yetu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo mema na kumtukuza Baba. Kuonekana si kosa, basi. Swali ni utukufu unaelekezwa kwa nani.

Mfano unaonigusa zaidi umo katika Matendo ya Mitume. Mwishoni mwa sura ya 4, Barnaba anauza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Sura ya 5, Anania na mkewe Safira wanauza mali, na Anania anaweka fedha mahali palepale. Kwa macho tendo ni moja. Ila hawa wawili walizuia sehemu ya thamani huku wakitaka ionekane wametoa yote. Petro hakuwalaumu kwa kubakiza. Alisema wazi kwamba mali ilikuwa yao. Alichokifichua ni uongo uliokuwa moyoni.

Nasikitika ninapoona mtu mkarimu akijificha kwa hofu ya andiko lililokatwa katikati. Jina la Barnaba liliandikwa waziwazi, na mitume walimwita Mwana wa Faraja.