Presha Yako Haikuondoka na Karo: Dhana Potofu Kuhusu Msongo na Magonjwa

Jumatatu iliyopita, mama mmoja mwenye umri wa miaka 54 aliketi mbele yangu katika kliniki yetu ya Buruburu, akanyoosha mkono, na mashine ikasoma 178 kwa 106. Nilipomuuliza kuhusu tembe nilizomwandikia mwaka jana, alinijibu kwa utulivu: "Hizo niliacha, daktari. Presha yangu ilikuwa ya mawazo ya karo, na sasa kitinda mimba amemaliza chuo." Alikuwa mgonjwa wa tatu kunipa jibu la namna hiyo asubuhi hiyo moja.

Dhana kwamba presha ni mawazo, na kwamba mawazo yakiisha nayo imeisha, ni ngumu kung'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwenye nyumba anapobisha mlango na kodi haijapatikana, neva huziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zimwage adrenalini. Moyo huenda mbio, mishipa midogo hubana, na presha hupanda papo hapo. Muda mfupi baadaye hipothalamasi, sehemu ya ubongo, kupitia tezi ya pituitari iliyo chini yake, huziagiza tezi hizo hizo zitoe kortisoli, homoni inayoongeza sukari katika damu ili mwili uwe na nguvu za kukabiliana na tishio. Mwenye nyumba akiondoka, presha hushuka.

Presha tunayoitibu si hiyo. Ni ile inayobaki juu hata mtu akiwa ameketi kimya, na hujengwa kwa miaka mingi na urithi, umri, chumvi, uzito, pombe, na wakati mwingine figo zenyewe. Msongo wa muda mrefu una nafasi yake katika hesabu hiyo, lakini mara nyingi hupitia njia za pembeni: usingizi wa saa nne, chupa za jioni, sigara, chipsi zilizomwagiwa chumvi na dawa zinazosahaulika. Mzigo ukiondoka, mshipa uliokwisha kukakamaa haulegei kwa kuwa karo imelipwa. Wala kujisikia vizuri hakuthibitishi lolote, kwa sababu kwa kawaida presha haina dalili. Wapo wanaoniambia kwamba huijua ikipanda kwa maumivu ya kisogo, ilhali mama niliyemtaja hakuwa akiumwa popote. Namba zake zilikuwa nzuri mwaka jana kwa sababu alikuwa akimeza tembe, na kuziacha kwa kuwa namba ni nzuri ni kama kuondoa nguzo zilizoshikilia zege bichi kwa kuwa bado halijaanguka.

Wengine hudai kwamba kilichopandisha namba ni msongamano wa Barabara ya Jogoo, na hao sibishani nao sana, kwa maana vipimo vingi huchukuliwa vibaya. Mgonjwa anapaswa kutulia kwa dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikiwa sakafuni bila kupishana, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, bila kuongea, na asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Ndiyo maana huwasihi wote, hata waliochoka kunisikia, wanunue mashine ya kufunga mkono wa juu, si ile ya kifundo cha mkono, wajipime asubuhi na jioni kwa siku 7 na waandike kila namba kwenye daftari. Namba za siku ya kwanza mimi huzipuuza. Wastani wa zilizobaki ukifika 135 kwa 85, hiyo ni presha, na hatutaulizana tena kuhusu karo.

Dhana kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo ilipaswa kuwa imezikwa zamani. Mwaka 1984 Barry Marshall, daktari wa Perth nchini Australia, alikunywa bakteria aina ya Helicobacter pylori kwa makusudi na utando wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi hutokana na bakteria hao au na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, ambazo mitaani hununuliwa kama peremende. Msongo unaweza kuzidisha maumivu, lakini bakteria hawafukuzwi kwa likizo ya Mombasa; hupimwa, kisha hutibiwa kwa viuavijasumu.

Jamaa za wagonjwa nao hupenda kusema: "Ni mawazo tu, hana ugonjwa." Kosa liko katika hilo neno "tu". Mwaka 1991 mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya kuwadondoshea watu 394 wenye afya virusi vya mafua puani, na kadiri msongo wa mtu ulivyokuwa mkubwa, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyoongezeka.

Kuhusu chai zinazouzwa mtandaoni "kuondoa kortisoli mwilini", nitasema jambo moja: mtu ambaye tezi zake haziitengenezi hulazimika kuimeza kama tembe kila siku ili aishi.

Mwisho ni ile imani kwamba presha na moyo ni magonjwa ya mabosi. Utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali jijini London, ulionyesha kwamba waliokufa zaidi kwa magonjwa ya moyo ni wa vyeo vya chini. Hata nyani wa Maasai Mara, ambao mwanasayansi Robert Sapolsky alianza kuwachunguza mwaka 1978, walikuwa hivyo: wakati uongozi wa kundi ulipokuwa umetulia, wanyonge ndio waliokuwa na homoni nyingi zaidi za msongo. Mwezi uliopita mlinzi mmoja wa usiku alimleta mkewe kupimwa, nikamwomba naye akunje mkono wa shati. Alicheka, akasema ugonjwa huo ni wa wale walio ndani ya geti. Mashine ilisoma 164 kwa 98.