Fukuto la Kaskazi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, miji ya Pwani kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam hukaa ndani ya joto ambalo kipimajoto peke yake hakilielezi. Mchana husoma nyuzi 32 au 33, namba ambayo mkazi wa Khartoum angeiona ya kawaida. Lakini hewa imejaa unyevu wa bahari, na Februari kuelekea Machi, kaskazi inapolegea na masika bado hayajafika, upepo nao hupotea. Ndipo kila mtu huwa na lake: kunywa hiki, usiguse kile, vua, funika. Mengi ya hayo hayana madhara. Machache yanaua, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwanza tujue mwili unavyojipoza. Unataka kubaki karibu na nyuzi 37, na hewa ya nje inapokaribia joto la ngozi, njia kubwa inayobaki ni jasho. Ila jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Ile inayodondoka sakafuni haiondoki na kitu: ni maji na chumvi vilivyopotea bure. Hewa iliyoshiba unyevu hukausha jasho polepole mno, ndiyo maana mtu wa Pwani anaweza kulowa chapachapa na bado joto likazidi kupanda mwilini. Ukilishika hili, utaweza kupima mwenyewe karibu kila ushauri unaopewa.

"Sisi tumezoea. Joto haliui mtu wa huku."

Kuzoea kupo. Mtu akifanya kazi kwenye joto kwa wiki moja hadi mbili, mwili wake huanza kutoa jasho mapema zaidi, jasho lenyewe hupungua chumvi, na moyo hauendi mbio kama siku za mwanzo. Lakini mazoea hayo hayarithiwi wala hayamo katika rangi ya ngozi, na wiki chache za kukaa kwenye ubaridi huyafuta. Kijana aliyeshuka kutoka Njombe mwezi Januari kuja kubeba saruji Kariakoo hajazoea, hata kama ni Mtanzania wa tangu na tangu. Karani anayeshinda kwenye kiyoyozi na kurudi nyumbani kwa gari lenye kiyoyozi naye amezoea kidogo kuliko anavyodhani.

Tena kuzoea kuna ukomo. Wataalamu hutumia kipimajoto kilichovikwa kitambaa kibichi, ambacho husoma joto na unyevu kwa pamoja. Kwa muda mrefu ukomo wa binadamu ulihesabiwa kuwa nyuzi 35 za kipimo hicho: hapo hata mtu aliyelala kivulini bila kufanya lolote hawezi kujipoza, na saa chache zinatosha kumwua. Mwaka 2022, majaribio ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania State kwa vijana wenye afya njema yalionyesha kwamba mwili huanza kushindwa mapema zaidi, kwenye nyuzi 30 au 31 hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Sasa hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, hali isiyo ngeni Dar es Salaam mwezi Februari, ni takriban nyuzi 27 kwa kipimo hicho. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, na waliopimwa walikuwa vijana waliofanya kazi nyepesi tu. Hawakuwa bibi zetu, wala makuli wa bandarini.

Dhana hii huvuka bahari pamoja na ndugu zetu wanaokwenda kutafuta kazi Oman, Qatar, Saudia na Emirates. Mtu wa Mombasa hujiambia joto analijua. Juni 2018, huko Quriyat, kwenye pwani ya Oman, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha. Hakuna mzoefu wa Kisauni au Temeke aliyewahi kulala katika hali hiyo. Siku za kwanza kazini ndizo zenye vifo vingi, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mgeni apewe asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Sheria nazo zipo. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Qatar, tangu 2021, inakataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni mosi hadi Septemba 15. Anayenyimwa mapumziko hayo ananyimwa haki yake. Ila sheria hizi zinahusu kazi za nje. Dada anayepika kutwa kwenye jiko lisilo na kiyoyozi hazimgusi, na mwili wake unahitaji maji na pumziko vilevile.

"Maadamu anatoka jasho, hajambo."

Hapa naomba msomaji asome polepole. Kiharusi cha joto ni pale joto la ndani ya mwili linapofika nyuzi 40 au zaidi na ubongo ukaanza kushindwa. Wengi wamefundishwa kuwa ngozi ya mgonjwa huwa kavu. Huwa hivyo mara nyingi kwa wazee waliofungiwa ndani siku nyingi za joto, lakini vibarua, askari na wakimbiaji huanguka wakiwa wamelowa jasho. Tazama akili yake. Anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba, anagomba bila sababu, hajui alipo, anapata degedege au anazimia. Mitaani kwetu mtu huyu hudhaniwa amelewa, au amepandwa na mashetani, au ni malaria. Malaria ipimwe, lakini kupoza kusisubiri majibu.

Na hapohapo hutokea mtu akasema, "Msimmwagie maji ya baridi, mishipa itapasuka." Kauli hii imepoteza maisha ya watu. Kumzamisha mgonjwa hadi shingoni kwenye maji baridi ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kushusha joto, hasa kwa kijana aliyeanguka kazini au mchezoni, na akishushwa chini ya nyuzi 40 ndani ya nusu saa uwezekano wa kupona ni mkubwa. Usipokuwa na pipa la kumzamisha, tumia ndoo, mpira wa bustani, madumu ya majirani. Mvue nguo za juu, mmwagie bila kuacha huku wengine wanampepea, na kama kuna barafu ifungeni kwenye kanga mumwekee shingoni, kwapani na kinenani. Bajaji ya kumpeleka hospitali iitwe, lakini kupoza kuanze pale alipoanguka na kuendelee njiani. Kama fahamu zimevurugika, usimpe chochote mdomoni.

Paracetamol nayo haisaidii. Homa ya ugonjwa hutokana na ubongo wenyewe kupandisha kiwango cha joto unachokitaka, na dawa hukishusha kiwango hicho. Kiharusi cha joto hakina uhusiano na kiwango hicho: mwili umezidiwa na joto la nje na la kazi. Kidonge hakitafanya lolote isipokuwa kuongeza mzigo kwa ini ambalo tayari limeumia.

"Kunywa maji mengi kadiri uwezavyo."

Kusubiri kiu ikukabe ni kuchelewa kwa mtu anayefanya kazi nzito, na wazee kiu yao hufifia. Hata hivyo maji yana kipimo. Kwa anayetoka jasho kazini, glasi moja kila baada ya dakika 15 hadi 20 inatosha, na isifike lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu kupita hapo huizimua chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kutapika, degedege, hufanana sana na za joto. Wapo wanaoambiwa wanywe zaidi wakati maji ndiyo yaliyowaangusha.

Madafu je? Ni kinywaji kizuri na ninayapenda, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hupoteza zaidi sodiamu. Kibarua aliyelowa saa nne mfululizo anahitaji chakula chenye chumvi ya kawaida, au maji ya ORS: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Vidonge vya chumvi havihitajiki.

Miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya fukuto. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na 2026 mwezi Februari. Wengi hunywa maji mengi kwa mkupuo wakati wa daku wakitumaini yatawavusha mchana kutwa. Figo huyatoa yaliyozidi ndani ya saa chache, na kabla ya adhuhuri yameshakwenda. Afadhali maji yagawanywe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, na uji, matunda na supu vihesabiwe humo. Kazi ya kubeba na kuchimba ifanywe alfajiri au usiku, na mwenye kuona dalili nilizozitaja afungue. Dini imempa ruhusa hiyo.

Wazee wa baraza nao wana lao: chai ya moto hupoza mwili. Jaribio la Chuo Kikuu cha Ottawa la mwaka 2012 liliwapa haki kwa nusu. Kinywaji cha moto huongeza jasho, na jasho hilo likikauka lote, mwili hupoa zaidi kuliko ukinywa cha baridi. Sharti ni likauke lote. Dodoma, penye hewa kavu, huenda. Forodhani mwezi Machi halikauki. Basi kahawa chungu inywewe kwa utamu wa mazungumzo, nayo kwa kiasi cha kawaida haikaushi mwili kama inavyodaiwa.

"Feni inazungusha joto tu."

Ni kweli kwamba feni haipunguzi joto la chumba hata kwa nyuzi moja. Inachofanya ni kuifagia hewa yenye unyevu iliyoganda juu ya ngozi ili jasho lipate kukauka, na kwa Pwani hakuna msaada wa bei nafuu unaoishinda. Jifunge kanga iliyoloweshwa ukae mbele yake, utaona tofauti. Shirika la Afya Duniani linaonya kuwa hewa ikizidi nyuzi 40 feni hugeuka kuwa ya kuchoma, kwa hiyo aliye Kuwait au Riyadh mwezi Julai asiitegemee peke yake. Mwenye kiyoyozi akiweke nyuzi 27 na kuwasha feni papo hapo: atahisi chumba kimepoa kwa nyuzi nne zaidi, na umeme wa LUKU hautakwisha haraka. Homa ya mapafu haitoki kwenye ubaridi wa kiyoyozi, hutoka kwa vijidudu. Kisafishwe vichujio tu.

Kuhusu buibui jeusi, ambalo husemwa kuwa huvuta joto, watafiti walichapisha mwaka 1980 katika jarida la Nature kwamba joho jeusi la Mbedui wa jangwani, likiwa pana, halikufikisha joto zaidi kwenye ngozi kuliko jeupe, kwa sababu upepo unaopita ndani yake huondoa la ziada. Upana na wepesi wa kitambaa una uzito kuliko rangi. Poliesta inayobana ndiyo mbaya. Harara nayo ni matundu ya jasho yaliyoziba, na kurundika poda na mafuta juu yake ni kuyaziba zaidi. Oga, kauka, vaa pamba iliyolegea.

Mtoto mchanga wa miezi sita kushuka chini asipewe maji, hata Machi. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 88 hivi, na yanamtosha hata kwenye joto kali. Maji ya kikombe humjaza tumbo bila lishe na humletea kuhara. Anayehitaji maji ni mama, na mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kofia ya sufu, soksi na blanketi la manyoya kwa mtoto wa Dar mchana wa Februari vinamuumiza, kwani kichwani ndipo anapotoa joto jingi. Wala asiachwe ndani ya gari "dakika mbili tu". Gari lililo juani linaweza kupanda nyuzi kumi kwa dakika kumi, na dirisha lililofunguliwa kidogo halibadilishi kitu cha maana.

Wengine hudhani jua likizama hatari imekwisha. Usiku ndio mwili unapojirekebisha, na ukikosa nafasi hiyo siku tatu nne mfululizo moyo huchoka. Nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu na vichochoro vyenye kivuli. Leo wengi wetu tunalala chini ya bati lisilo na dari, ndani ya kuta za matofali ya saruji zinazotoa joto la mchana mpaka usiku wa manane. Bati lililopakwa rangi nyeupe hupokea joto pungufu, na dari hata ya mkeka inasaidia. Oga kabla ya kulala, usijifute sana, na chandarua kifungwe mahali upepo unapofika.

Wazee wanaoishi peke yao wapitiwe asubuhi na jioni. Baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huzuia jasho. Zisiachwe kienyeji, daktari aulizwe kabla kaskazi haijashika. Na kwa mwenye kisukari asiye na friji: si kweli kwamba insulini yake imeshaharibika. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya na kuchapishwa 2021, ulionyesha kuwa inahimili joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya mtungi wa udongo, kivulini, mbali na jiko na mbali na bati.