Koili Fupi Haili Stima Kidogo: Dhana Potofu Kuhusu Volti, Ampea, Omu na Wati

"Koili ya jiko la stima ikikatika toa kile kipande kimeungua, unganisha, na tena itakula stima kidogo maana imekuwa fupi." Hii ndiyo dhana naisikia kuliko zote, iwe ni soko la Kibuye hapa Kisumu ama kwa mafundi wa Nakuru, na ndiyo inachoma soketi za watu. Ukweli ni kinyume kabisa. Soketi inakupa volti 240 koili iwe ndefu ama fupi, chenye unabadilisha ukikata ni ukinzani, yaani zile omu, na omu zikishuka karenti, yaani zile ampea za stima inayopita, inapanda.

Tuchukue jiko la wati 1,000. Wati ni volti mara ampea, kwa hivyo 1,000 gawa kwa 240 unapata ampea 4.17, halafu ukinzani ni volti gawa kwa ampea, unapata omu 57.6. Sasa kata robo ya koili. Zinabaki omu 43.2, karenti inakuwa ampea 5.56, na jiko limekuwa la wati 1,333 bila mtu kujua. Ukikata nusu ni wati 2,000, na waya ni ile ile nyembamba ilikuja na jiko, na koili yenyewe sasa inawaka nyekundu kupita vile ilitengenezewa kwa hivyo itakatika tena haraka, mwenye jiko atairudisha, itakatwa tena, na kila duru inakuwa hatari zaidi. Koili ikikatika nunua nyingine, tafadhali.

Nadhani hii shida inatokana na fomula mbili zenye watu hukariri shuleni bila kuambiwa tofauti. Moja inasema wati ni ampea mara ampea mara omu, so mtu anaona omu zikiongezeka wati zinaongezeka. Nyingine inasema wati ni volti mara volti gawa kwa omu, hapo omu zikiongezeka wati zinapungua. Zote ni sawa! Swali la kujiuliza ni moja tu, nini hapa haibadiliki? Kwa soketi ya nyumbani ni volti, kwa hivyo tumia ya pili. Ile ya kwanza inafaa kwa waya ya kupeleka stima, mahali karenti imeshaamuliwa na mzigo ulioko mwisho, na ndiyo maana ekstensheni nyembamba hupata moto ukiweka birika la stima na pasi pamoja.

Kuna hii nyingine, "stima ikiwa low afadhali, tokeni zinaenda polepole." Wale wanaishi mbali na transfoma huko vijijini Kakamega ama Siaya wanaijua hii hali vizuri, jioni kila mtu akiwasha, volti zinashuka. Birika la wati 2,000 lina ukinzani wa omu 28.8, na kwa volti 180 linavuta ampea 6.25 tu, yaani wati 1,125. Ni kweli mita inaenda polepole, lakini maji yanahitaji joto lile lile ndiyo yachemke, so utangoja karibu mara mbili, na kwa huo muda mrefu birika linapoteza joto zaidi kwa hewa. Hujaokoa kitu. Na friji ni mbaya zaidi kwa sababu mota ikikosa volti za kutosha huvuta karenti kubwa na kupata moto, kwa hivyo volti zikishuka sana chomoa friji.

"Pima omu na maltimita, piga hesabu, umepata wati." Maltimita ni kile kifaa cha fundi cha kupima stima. Kwa koili ya jiko sawa, omu za ile waya yake ya nikromu hazibadiliki sana ikipata moto. Kwa balbu ya zamani ya wati 60 itakudanganya, maana ikiwaka ina omu 960 lakini ikiwa baridi utasoma labda omu 80, na hesabu itakuambia ni balbu ya wati 720. Kwa mota ya posho mill ndio kabisa usijaribu. Waya za ndani zinaweza kusoma omu 4, hesabu inasema ampea 60, na mota ikizunguka inavuta 9 tu kwa sababu mzunguko wenyewe unazalisha volti zinazopinga zile zinazoingia. Hata hizo 9 mara 240, yaani 2,160, si wati kamili, lazima uzidishe na pawa fakta, yaani ile sehemu ya hizo volti mara ampea inayofanya kazi kweli, ikiwa ni 0.8 unapata wati 1,728.

Na chaja ya ampea 3 haiwezi kuchoma simu ya ampea 1 kama volti ni sawa. Simu inachukua chenye inahitaji.

Halafu hii, "volti haziui, ampea ndizo zinaua." Watu huisema wakidhani ni vitu viwili tofauti. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa stata na bado ukishika vichwa vyake na mikono mikavu hakuna kitu, kwa sababu ngozi kavu ikiwa na omu 10,000, volti 12 zinapitisha miliampea 1.2 tu. Lakini mtu mwenye ngozi imelowa maji anaweza kuwa na omu 1,500 hivi, na volti 240 hapo ni miliampea 160, hiyo inasimamisha moyo. Shower ya moto ya wati 5,400 huvuta ampea 22.5, soketi na fyuzi yake mwisho ni 13, kwa hivyo lazima iwe na laini yake nene kutoka kwa bodi, breka yake, na waya ya athi, ile ya kupeleka stima ardhini ikivuja, iliyofungwa kweli, na fundi akikuambia athi si lazima kwa shower, tafuta fundi mwingine.