Jahazi la kanisa katika Dodoma isiyo na bahari

Kamati za ujenzi wa makanisa hapa Dodoma zikishapata kiwanja, nyingine huja kwangu kwa ushauri na picha kwenye simu: kanisa lenye umbo la meli, kuta zimepinda, mbele limechongoka kama omo. Ari yao naipenda. Ila nawauliza: nani atakata bati la kufuata ukuta uliopinda, na ile pembe ya mbele ambayo haitoshi hata benchi moja, sadaka ya nani itailipia?

Wakristo wa kale walipolinganisha kanisa na chombo cha majini, waliwatazama zaidi waliomo ndani. Tertullian, mwandishi Mkristo wa miaka ya 200 hivi, aliona kanisa katika mtumbwi wa wanafunzi uliopigwa na mawimbi ziwani. Kitabu cha maagizo ya Kanisa kutoka Syria, cha karne ya 4, kinataka jengo liwe refu, lielekee mashariki, lifanane na merikebu. Askofu ndiye mshika usukani, na mashemasi ni mabaharia wanaomwelekeza kila mmoja mahali pa kukaa. Kuta zilizopinda hazitajwi.

Hilo agizo la mashariki ndilo ninalolitetea sana mbele ya kamati, hata kwa madhehebu yasiyojali upande wa kuelekea. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kanisa refu lililolala mashariki–magharibi huweka kuta zake ndefu kaskazini na kusini, na jua la asubuhi na la alasiri hupiga zaidi zile kuta fupi. Ukitokeza mapaa kidogo, madirisha ya ubavuni yanabaki kivulini karibu mwaka mzima. Ligeuze kanisa hilohilo lilale kaskazini–kusini, uone waumini wa ibada ya jioni wanavyohamia upande mmoja wakikimbia jua.

Paa ndilo mahali pengine pa kuonyesha chombo bila kuongeza gharama kubwa. Huko Honfleur, Ufaransa, kanisa la Sainte-Catherine lilijengwa kwa mbao katika karne ya 15, na mafundi wake walikuwa waunda meli. Ukisimama ndani ukatazama juu unaona jahazi lililopinduliwa: mkuku, yaani uti wa chombo, juu kabisa, na mataruma, yaani mbavu zake, yakishuka pande zote mbili. Kwetu kenchi za mbao, zile fremu zinazobeba paa, zinapangwa vizuri kabisa, kisha tunazificha kwa jipsamu yenye taa za rangi kama ukumbi wa harusi! Mimi huomba kenchi ziachwe wazi, zirandwe, zipakwe dawa ya mchwa na vanishi, na mbao za dari zipigiliwe juu yake ili joto la bati na kelele ya mvua vipungue. (Ugogo wenyewe haukuwa na paa la mgongo; tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, ina paa bapa la udongo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba jipsamu ni mila.)

Kuna wanaokuja na Mwanzo 6 mkononi. Safina ya Nuhu ilikuwa dhiraa 300 kwa 50, na kimo 30, yaani urefu mara sita ya upana. Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliona katika vipimo hivyo mwili wa mwanadamu aliyelala, na alikuwa na maana yake ya kiteolojia. Lakini ukumbi wa mita 10 kwa 60 unamfanya wa benchi la nyuma amsikie mhubiri kwa spika tu, umeme ukikatika ndiyo basi. Urefu mara mbili ya upana, au zaidi kidogo, unatosha.

Mwenye kuipenda safina namshauri aiweke kwenye birika la ubatizo. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unasema watu wanane waliokolewa ndani ya safina, na papo hapo unaunganisha maji yale na ubatizo. Ndiyo sababu mojawapo ya mabirika mengi ya kale kuwa na pembe nane. Nyingine ni ufufuko wa Yesu siku ya Jumapili, iliyohesabiwa kuwa siku ya nane. Fundi wa terazo anayejua kazi halioni jambo hili gumu: anachora mraba, anakata pembe zake nne. Birika nalipendelea karibu na mlango mkubwa, na bomba la kutolea maji lichorwe kwenye ramani kabla ya kumwaga zege la sakafu.