Dawa ya kichwani nayo ni dawa jamani

Juzi kaja bibi mmoja dukani anataka ile dawa ya maji ya kichwa "inayokata muwasho siku hiyo hiyo", nikamuuliza bibi kuna dawa nyingine unatumia? Akacheka, eti ya kupaka inahusiana nini na za kumeza.

Inahusiana! Ile ni klobetasoli ya asilimia 0.05, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) ya daraja la juu kabisa kwa nguvu, na ngozi ya kichwa inanyonya dawa kuliko ya mkono. Ndio maana mwisho ni mililita 50 kwa wiki, na ni wiki mbili tu mfululizo. Yeye alikuwa chupa ya tatu, anapaka halafu anavaa kofia ya nailoni juu yake wigi, kutwa nzima, yaani hapo ni kama unaisindikiza dawa iingie kwenye damu. Na ana kisukari. Analalamika sukari inapanda, anasingizia wali. Siwezi kuapa kwamba ni ile dawa ila steroidi ikiingia mwilini inapandisha sukari, hilo halina ubishi.

Sasa wengine ninaowaogopa zaidi ni wanaotumia ARV zenye ritonaviri. Steroidi ikishaingia, ini ndilo linaivunjavunja, ritonaviri inakizuia kile kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi, basi dawa inajazana. Ukipaka kidogo siku chache sawa, lakini miezi? Uso unaweza kuvimba ukawa mviringo na tezi za juu ya figo zikalala, na ukija kuacha ghafla unaishiwa nguvu kabisa. Wa TLD, kile kidonge cha ARV chenye dolutegraviri, msitishike, dolutegraviri haikigusi hicho kimeng'enya.

Itrakonazoli, ya fangasi, nayo inakizuia vilevile. Na hapa ndipo kuna kichekesho kibaya maana mtu ana mapunye, yaani fangasi wa kichwani, anadhani ni mba, anapaka steroidi, muwasho unatulia huku fangasi wanajitanua wanavyotaka, baadaye anaandikiwa itrakonazoli ya kumeza na ile chupa haachi, na wala hamwambii daktari maana "kwani si ya kupaka tu?" Mapunye yanataka dawa ya kumeza jamani, mfano griseofulvini.

Bibi sikumuuzia, nikamwandikia karatasi aende kliniki ya ngozi na sukari ipimwe. Kaondoka amenuna. Kesho yake asubuhi kamtuma mjukuu na chupa tupu mkononi aje kuinunua.