Muziki wa Kisasa wa Ala za Kupuliza: Yanayodhaniwa Ukumbini na Yaliyo Kweli

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili nchini Uganda tulizijua ala za kupuliza kupitia bendi za polisi na jeshi, ambako lugha hii na tarumbeta zimeishi nyumba moja tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Ndiyo maana wanamuziki watano wanapopanda jukwaani, iwe katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho jijini Kampala au katika ukumbi mkuu wa Makerere, wakiwa na filimbi, oboi, kilarineti, basuni na honi, sisi huwapima kwa kipimo cha gwaride na kuamua kwamba hii ni bendi iliyopungukiwa watu.

Kikundi hicho hakikupungukiwa. Ala hizo tano zimekuwa na muziki wake tangu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Anton Reicha, mzaliwa wa Prague aliyefanya kazi Paris, alipoziandikia kazi 24. Kila mpulizaji ana sehemu yake asiyoshirikiana na mtu, kwa hiyo akikosea hana wa kumficha. Hakuna mwongozaji mwenye kijiti: ishara ya kuanza ni pumzi inayovutwa kwa pamoja na kichwa kinachoinuliwa kidogo. Kwa kawaida vipaza sauti havitumiki, jambo ambalo mvua ya Kampala ikianza kunyesha juu ya paa la bati huwafanya wasikilizaji walijutie.

Jina la Kizungu la jamii ya ala hizi linataja mbao, nalo huwapotosha wengi. Filimbi za leo, zinazofuata muundo wa Theobald Boehm wa mwaka 1847, kwa kawaida ni za chuma au fedha. Saksafoni, ambayo Adolphe Sax aliisajili mwaka 1846, ni ya shaba tupu, lakini inahesabiwa katika jamii hii kwa sababu inalia kwa utete. Honi si ya jamii hiyo hata kidogo. Ilikaribishwa kwa kuwa sauti yake hulainisha ukali wa sauti za wenzake. Hata hivyo, anayesema kwamba ala hizi hazina uhusiano wowote na Afrika Mashariki ashike kilarineti au oboi nzuri mkononi, kwa maana kwa kawaida atakuwa ameshika mpingo, mti unaovunwa Tanzania na Msumbiji. Nayo oboi hulia kwa tete mbili zinazogongana mdomoni, sawa na zumari la pwani.

Lakini dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba katika muziki wa kisasa wapulizaji hujipigia ovyo, na kwamba mtunzi mwenyewe hawezi kutambua wakikosea. Niliwahi kukaa nyuma ya mzee mmoja aliyemwuliza mjukuu wake, kwa sauti iliyofika jukwaani, kama hao watu bado wanajaribu ala zao. Swali lake halikuwa la kijinga, kwa kuwa mtu aliyezoea wimbo wenye kiitikio hukosa mahali pa kushika. Jibu lake liko kwenye karatasi. Mwaka 1936 mtunzi Edgard Varèse aliandika kazi ya filimbi peke yake, ambamo mpulizaji anaamriwa agonge vifuniko vya matundu hadi mlio huo usikike kama ngoma ndogo, na mahali pa kila mlio pameandikwa. Mwaka 1958 mtunzi Luciano Berio alitunga kazi ya kwanza ya mfululizo wake uitwao Sequenza, pia ya filimbi peke yake, na muda wa kila sauti akauonyesha kwa umbali kati ya nota kwenye ukurasa. Wapulizaji wengi waliitumia nafasi hiyo kujiachia mno, hata Berio akatoa toleo jingine mwaka 1992, lililoandikwa kwa nota za kawaida, ili kuwarudisha katika mstari. Mtunzi asiyejali makosa hasumbuki kuandika upya kazi yake baada ya miaka zaidi ya 30.

Wengine hudhani ugumu wa muziki huu unatokana na wingi wa sauti. Mtunzi György Ligeti wa Hungaria, katika kipande cha kwanza cha Bagateli Sita (vipande vifupi) alizozipanga kwa ala hizo tano mwaka 1953, alitumia nota nne tu. Zilipopigwa Budapest mwaka 1956, zilisikika tano. Ya sita iliachwa kwa sababu ilihesabiwa kuwa na mikwaruzo kupita kiasi. Kwa masikio ya leo haitishi.

Inasemwa pia kwamba muziki wa namna hii ni mgeni kabisa kwa masikio ya hapa. Hapo napinga kwa nguvu. Huko Busoga kuna bigwala, ala zilizotengenezwa kwa vibuyu virefu, seti ya vitano au zaidi, na kila kimoja kinatoa sauti moja tu. Hakuna mpulizaji anayeumiliki wimbo: kila mmoja hutia sauti yake mahali pake, hunyamaza, na wimbo hutokea katikati yao. UNESCO iliuingiza muziki huo mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Amakondere, yaani pembe za kupuliza za Buganda na Bunyoro, hufuata mtindo uo huo. Sasa, msikilizaji akienda kwenye kazi ya kisasa na kuutafuta wimbo ndani ya filimbi peke yake, hataupata; akisikiliza jinsi filimbi inavyomwachia basuni, na basuni inavyoiachia honi, atagundua kwamba babu zake walimfundisha njia hiyo. Vivyo hivyo kuhusu sauti zinazodaiwa kuwa zimepotoka. Mizani ya Kiganda hugawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, ambazo hazipatikani kwenye piano, na aliyekulia kwenye endere, filimbi ya Kiganda, hana sababu ya kushtushwa na mtunzi anayedai sauti iliyo kati ya nota mbili za piano.

Ipo dhana iliyo kinyume, nami huiogopa zaidi kwa sababu inatupendeza: kwamba Wazungu waliuchukua muziki huu kwetu. Ligeti aliandika Vipande Kumi vya ala hizo tano mwaka 1968, ilhali rekodi za pembe za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, zilizokusanywa na mtafiti wa muziki Simha Arom, Ligeti alizisikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Athari za Afrika alizozikiri mwenyewe zimo katika kazi zake za piano zilizoanza mwaka 1985. Kufanana si kukopa.

Wala Waganda hawakubaki wasikilizaji tu. Mtunzi Justinian Tamusuza alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba kwa ala nne za nyuzi, na kikundi cha Kimarekani cha Kronos Quartet kikatoa sehemu yake ya kwanza katika albamu ya mwaka 1992, ikiwa na midundo ya Kiganda ndani ya ala za Kizungu.

Yamebaki madogo. Kupiga makofi kati ya sehemu na sehemu si ushamba, kwa maana katika karne ya 18 Ulaya yenyewe ilifanya hivyo. Siku hizi wapulizaji hupenda kimya kiendelee, na dalili ya kuaminika ni ala zenyewe: zikiwa bado juu, kazi haijaisha hata kama hakuna sauti. Na maji yale ambayo mpiga honi huyamwaga sakafuni kati ya kipande na kipande, ambayo huwachukiza wanaokaa mstari wa mbele, kwa sehemu kubwa si mate. Ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya bomba.